Mita 1500 katika Ramadhani ya 2018

Mwaka 2018 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya binafsi ya Kiislamu, ya bweni na ya wasichana watupu, katika milima ya Lushoto mkoani Tanga. Ramadhani ya mwaka huo iliingia katikati ya Mei, wakati mitihani ya kufunga muhula wa kwanza na mchujo wa mkoa wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, vilikuwa vimesogeleana kiasi cha kugongana, nami nilikuwa nimekwisha kushinda mbio za mita 1500 katika ngazi ya wilaya. Ninachotaka kukisimulia ni safari ya kushuka Tanga mjini kwa ajili ya mchujo huo, safari ambayo kabla haijafanyika ilijadiliwa na watu wazima wanne kwa uzito ambao mpaka leo ninauhesabu kuwa heshima kubwa kwa msichana wa umri niliokuwa nao.

Wazazi wengi waliotupeleka shule ile walijinyima ili kulipa ada, na walilipa kwa sababu mbili wasizozificha: watoto wao wahifadhi dini, na majina yao yatokee katika daraja la kwanza pale Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo. Michezo haikuwamo katika hesabu hiyo. Ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa bweni ilikipa kila kitu saa zake: swala ya Alfajiri na Qur'ani, vipindi vya darasani, michezo kuanzia saa 10 alasiri, Magharibi, Isha, kisha prepo, yaani kujisomea darasani, hadi saa 4 usiku. Ilipoingia Ramadhani ratiba hiyo ilivunjika yenyewe. Tarawehe zilichukua sehemu ya kwanza ya prepo, daku ilitutoa kitandani saa 10 usiku, na mwalimu wa fizikia akawa anafundisha wanafunzi waliokuwa wakipambana na usingizi kuanzia saa 4 asubuhi. Mwalimu wa michezo alikuwa wa kwanza kuurekebisha mwezi badala ya kuulalamikia. Aliyahamishia mazoezi katika nusu saa ya mwisho kabla ya adhana ya Magharibi, ili tumalizapo mzunguko wa mwisho tukutane na tende na maji bila kusubiri, na akapunguza mbio za kasi akatuachia mbio za taratibu kuzunguka kilima, kwa kuwa baridi ya Lushoto na hewa nyepesi ya mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita elfu moja zilitosha kulijenga pafu bila kuukausha mwili.

Mavazi yalikuwa yamekwisha kupata ufumbuzi tangu mwaka uliotangulia. Baba yangu ni fundi cherehani katika eneo la Ngamiani, Tanga mjini, naye alitushonea timu nzima suruali pana za kitambaa chepesi, mashati marefu yanayofika magotini na vitambaa vya kichwa vyenye mpira kwa ndani ili visiteleze. Mzazi mmoja aliwahi kuandika barua kwamba hakumpeleka binti yake shule ya dini ili akakimbie mbele ya watu. Ustadhi, mwalimu wetu wa dini, aliijibu kwa hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ambayo Bibi Aisha mwenyewe anasimulia kwamba alishindana mbio na mumewe, Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda. Kisha miaka ikapita, akashindana naye tena, safari hiyo Mtume akashinda na kumwambia kuwa hii ni kwa ile. Ustadhi aliongeza masharti ya sitara na ya usimamizi, akasisitiza kwamba masharti huwekwa ili jambo lifanyike vizuri na si ili lisifanyike. Ninaamini jibu lile ndilo lililoiokoa timu yetu.

Kikao chenyewe kilifanyika ofisini kwa Mama Mkuu wa shule baada ya swala ya Adhuhuri, nami niliitwa kwa sababu nilikuwa nahodha wa riadha. Mwalimu wa taaluma alianza. Alikuwa Msambaa, Mlutheri, mwalimu wa hisabati aliyeheshimika kuliko wote, ambaye mwezi mzima hakunywa hata chai katika ofisi ya walimu. Alisema bila kuzunguka kwamba karatasi ya hisabati ilipangwa Jumamosi, siku ile ile ya mbio, na kwamba hakuna mzazi atakayekuja kumuuliza kwa nini mwanawe hakukimbia, ila watakuja kumuuliza kwa nini mwanawe amepata D. Mwalimu wa michezo alimjibu kwa kumtaja Filbert Bayi, kama alivyozoea, maana kwake yeye historia ya Tanzania ilikuwa na siku moja kubwa ya pekee, tarehe 2 Februari 1974, Bayi alipoongoza mbio za mita 1500 kule Christchurch tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Safari hii, hata hivyo, hakuitaja rekodi. Alisema kwamba Bayi huyo huyo ndiye aliyekuja kuanzisha shule Kibaha, na kwamba mtu aliyekimbia kuliko wote duniani hakuiona elimu kuwa adui wa miguu yake. Mwalimu wa taaluma alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba atatunga karatasi nyingine, ngumu sawasawa na ile, nasi wanariadha tutaifanya Jumapili tutakaporudi.

Likabaki suala la swaumu, na hapo Ustadhi akafungua daftari lake. Alieleza kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, msafiri ana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani na kulipa baadaye, ikiwa safari yake ni ya halali na imefikia marhala mbili, ambazo wanazuoni wengi wa siku hizi wanazikadiria kuwa kilomita 80 na ushei. Kutoka Lushoto hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 150, kwa hiyo hapo hapakuwa na shaka. Lakini anayeianza siku yake akiwa nyumbani hali amefunga hawezi kula siku hiyo kwa sababu ya safari aliyoianza mchana, hivyo gari la shule litalazimika kuzipita nyumba za mwisho za mji kabla ya alfajiri. Ruhusa hiyo ingekatika kama tungenuia kukaa siku nne kamili, nasi tulikuwa tunakwenda kulala siku mbili tu. Mwalimu wa michezo alikumbusha kwamba Olimpiki ya London ya 2012 iliangukia ndani ya Ramadhani, na kwamba wapo waliofunga na wapo waliochagua kulipa baadaye. Ustadhi alikubali, akasema kila mmoja wao aliuliza wanazuoni wake, nasi pia tuna wa kwetu.

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, wazazi wako wanaishi wapi?"

"Ngamiani, Ustadhi."

Alilifunga daftari taratibu. Mtu anapoingia katika mji wa kwao, alisema, safari yake imekwisha hata kama atalala hapo usiku mmoja tu. Wenzangu wote walitoka Korogwe, Handeni, Arusha na Dar es Salaam. Kwao Tanga ilikuwa ugenini, na ruhusa ilikuwa yao. Mimi nilikuwa ninakwenda nyumbani. Mwalimu wa michezo aliuliza kama hakuna njia nyingine, na kwa kweli hata mimi moyoni niliitamani hiyo njia. Ustadhi aliomba usiku mmoja. Asubuhi alinieleza kwamba alikuwa amempigia simu shehe aliyemsomesha na kwamba jibu halikubadilika: nianze siku nikiwa nimefunga, na ikiwa katikati ya mbio au kabla yake nitahisi madhara ya kweli katika mwili, nifungue mara moja bila kujiona mkosefu, kwa kuwa Mungu huwatakia waja wake wepesi. Hakunipa ruhusa asiyokuwa nayo, na hakunificha ile aliyokuwa nayo. Mtu mwingine katika nafasi yake angeweza kuniambia nile tu ili shule ipate medali, au angenizuia kwenda kabisa ili asipate usumbufu wa kufikiri. Ninawafahamu walimu wa aina zote mbili, na ndiyo maana ninamkumbuka kwa dua.

Tuliondoka Ijumaa baada ya daku, giza likiwa bado zito, pamoja na matroni na mke wa Ustadhi, tukateremka kona za kilomita 33 hadi Mombo na kuswali Alfajiri katika msikiti wa kando ya barabara. Njia nzima wenzangu walijadiliana kwa sauti ya chini nani atafunga na nani hatafunga. Wawili kati yao waliamua kufunga kwa ajili yangu, na mke wa Ustadhi aliwakataza kwa upole, akisema kwamba swaumu hufungwa kwa ajili ya Mungu peke yake na kwamba wenye mbio za kasi mchana huo wanywe maji.

Mbio zangu zilipangwa Jumamosi saa 3 asubuhi, muda ambao ungekuwa mwepesi kwa mtu aliyekula daku vizuri, na usiku ule mama alikuwa ameniletea kwenye bweni tulilofikia viazi, maharage yasiyo na chumvi nyingi na uji. Lakini Mei ni mwezi wa masika katika pwani ya Tanga. Mvua ilianza kunyesha baada ya Alfajiri na haikukatika mpaka karibu na Adhuhuri, ikafuta mistari yote ya chokaa, na waamuzi wakatangaza kwamba mbio zote za asubuhi zitakimbizwa saa 10 alasiri. Jua lilipotoka, uwanja ulianza kutoa mvuke. Mtu aliyetoka Lushoto jana yake hulihisi fukuto la namna hiyo mpaka kwenye meno.

Matroni alinishauri nifungue, kwa kuwa hali imebadilika, na ushauri wake ulitoka katika huruma. Baba, aliyekuwa amefunga karakana yake ili aje kutazama, alinisikiliza nilipomweleza maneno ya Ustadhi, kisha akaniuliza swali moja tu: kama wakati ule nilikuwa ninahisi kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa. Nilijichunguza kwa dakika kadhaa, maana sikutaka kudanganya upande wowote, na jibu lilikuwa kwamba nilikuwa na kiu na woga tu. "Basi bado umefunga," alisema, akanikalisha kivulini, akawa ananipepea kwa kipande cha boksi.

Mwalimu wa michezo alinipa maagizo yaliyo kinyume kabisa na mbio za shujaa wake. Aliniamuru nisiongoze hata hatua moja, nikae nyuma ya wale watatu wa mbele, nipumue kwa pua kadiri niwezavyo, na nisiongeze mwendo kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho. Nilifanya hivyo. Mizunguko miwili ya mwanzo ilipita katika hali ambayo sijawahi kuipata tena katika mbio zozote, mwili ukiwa mwepesi na akili ikiwa imetulia juu ya visigino vya msichana aliye mbele yangu, nikiwa nasoma kimyakimya zile aya nilizokuwa nikizihifadhi mwezi ule kwa mpigo wa hatua zangu. Katika mzunguko wa tatu ulimi ulinata. Kengele ilipolia nilimpita mmoja, nikawakaribia wawili waliobaki mpaka nikaweza kusikia pumzi zao, na kwenye mita mia ya mwisho miguu ilikataa kutoa kilichokuwa kinadaiwa. Nilimaliza wa tatu. Waliochukuliwa kwenda taifa walikuwa wawili.

Nililia, na sikujaribu kuficha. Nilikuwa nimeifanyia kazi nafasi ile tangu kidato cha kwanza na niliitaka kwa dhati. Anayedhani kwamba mtu wa dini hapaswi kuutaka ushindi namna hiyo hajawahi kuamka usiku kukimbia kwenye baridi ya Usambara. Hata hivyo sikutamani hata mara moja kwamba ningekunywa. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja jioni ile, na hakuna lililolifukuza jenzake. Baba hakunipa mawaidha yoyote. Alinisindikiza taratibu hadi ubao wa matokeo, akasoma muda wangu, akanionyesha kwamba ulikuwa bora kuliko ule nilioshinda nao wilayani.

Magharibi ya siku hiyo timu nzima ilifuturu nyumbani kwetu Ngamiani. Mama na shangazi zangu walipika mihogo ya nazi, magimbi, tambi na uji wa pilipili manga, na majirani wakaongeza sinia zao walipoona basi la shule limesimama mlangoni. Wenzangu waliokuwa wamekula mchana walisita kunyoosha mikono kabla yetu sisi tuliofunga, mpaka mama akawaambia kwamba futari ya nyumba yake ni ya kila aliyeketi.

Tulirudi Lushoto Jumapili asubuhi. Mwalimu wa taaluma alitukuta darasani alasiri, bado akiwa na suti aliyokwenda nayo kanisani, akagawa karatasi aliyoitunga na kukaa mbele saa zote tatu bila kufungua kitabu. Karatasi ilikuwa ngumu sawasawa na alivyoahidi, na swali la mwisho lilihusu wakimbiaji wawili wanaozunguka uwanja kwa mwendo tofauti. Nilipata B, na hakuna mwanariadha aliyepata D.

Shule ilipofunguliwa Julai, Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, ilikuwa haijaisha. Wenzangu walianza kulipa siku walizokula safarini, nami nikafunga zile sita za sunna pamoja nao ili tuamke daku moja. Mwalimu wa michezo aliyarudisha mazoezi katika nusu saa ya kabla ya Magharibi bila kuombwa, na kwenye mlango wa bweni tukakuta mwalimu wa taaluma amebandika ratiba mpya, prepo ikiwa imecheleweshwa kwa dakika 30 hadi mwisho wa wiki ya pili ya Julai.