Mradi wa Agosti: kutoka mkiani mpaka kwenye bahasha

Tar 1 Agosti
Mwezi huu nimeamua naandika kila kitu, maana Julai imepita na hata sikumbuki nilishiriki mbio ngapi, nakumbuka tu kwamba nyingi sikumaliza. Kwa ambaye hanijui, mi mtoto wa Shinyanga, baiskeli ndo kazi yangu, timu imenipa chumba huku Ubelgiji karibu na Gent, imenipa baiskeli na jezi, ila hela ya mfukoni natafuta mwenyewe barabarani. Na Agosti huku Flanders ni mavuno, kila kijiji kina sikukuu yake wanaiita kermis, na sikukuu bila mbio za baiskeli kwao haijakamilika, kwahiyo ukiwa na miguu unaweza ukashindana hata mara tatu nne kwa wiki. Nimepanga mbio 12.

Mradi wenyewe ni mmoja tu, kumaliza ndani ya 20 bora. Sijasema kushinda. Hizi ninazoingia zawadi zinaishia kwenye wa 20 hivi na hela unapewa kwenye bahasha pale pale baa, yaani nafukuzia bahasha. Kocha alishaniambia Julai, "We una miguu ya mtu wa kumi ila unakaa kama mtu wa mia." Nilinuna siku nzima. Tutaona.

Tar 3
Mbio ya kwanza. Unafika, unaingia baa au ukumbi wa shule, unalipa euro chache pamoja na dhamana ya namba ya mgongoni (ukirudisha namba unarudishiwa), unabadilisha nguo nyuma ya gari la mtu, saa tisa alasiri mnaondoka. Raundi ya kilomita 8, mnazunguka mara 14, kona 9 kila raundi. Piga hesabu mwenyewe, kona 126.

Na hapo kwenye kona ndo ninapofia. Wale wa mbele wanaingia na kilomita 40 kwa saa hata breki hawagusi, lakini mi niko wa 80 huko nyuma, kundi linajikunja kama foleni ya Ubungo, wa mbele keshaondoka zamani we bado umekanyaga breki, unashuka mpaka 15, halafu inabidi uruke kama mwehu ufike 50 umshike aliye mbele yako, ukimshika tu kona nyingine hii hapa. Mara 126! Wa mbele anaendesha baiskeli, wa nyuma anafanya mazoezi ya kukata roho. Raundi ya 9 tukaachwa kama 30 hivi, kamisaa (mwamuzi wa mbio) akapuliza filimbi, yaani mlioachwa tokeni. Nyumbani.

Tar 6
Nimemaliza, wa 54. Kitu kidogo kimenisaidia nacho ni upepo wa matairi. Nilikuwa najaza bar 6 na nusu kwa mazoea ya nyumbani, ukikuta tairi gumu kama jiwe unajiona uko tayari kwa safari. Fundi wa timu akabonyeza tairi langu kwa dole gumba akacheka, akalitoa upepo mpaka 4 na nusu. Tairi la milimita 28 halina tyubu, mi nina kilo 61, kumbe nilikuwa narukaruka tu kwenye yale mazege yao yenye mianya kila baada ya mita chache, kila mruko nguvu inapotea. Sasa baiskeli inalala kwenye kona. Nina hasira na miaka yote ile.

Tar 9 na 10
Jumamosi filimbi tena, Jumapili wa 41. Ya Jumapili sina la kusema, ya Jumamosi ndo shule.

Upepo ulikuwa unapiga kutoka kushoto. Upepo wa ubavuni ukipiga huwezi kujificha nyuma ya mwenzako, inabidi ukae nyuma yake kwa pembeni, na wa nyuma yako hivyo hivyo, mnajipanga mshazari mpaka barabara iishe upana. Wenyewe wanaita waaier, maana yake kipepeo, kile kile cha kupepea jiko la mkaa, na kweli ukiona picha ya juu utaona umbo. Shida ni kwamba barabara ya kijiji inatosha watu nane tisa tu kwenye kipepeo kimoja, wa kumi hana pa kukaa, anabaki kwenye ukingo wa majani, tairi linakwangua tope, anakula upepo mzima usoni, nyuma yake mstari mrefu wa watu wote wanateseka. Mimi nilikuwa wa arobaini na kitu kwenye huo mstari. Wati zangu, yaani nguvu ninayosukuma kwenye pedali, nilipoangalia jioni zilikuwa kubwa kuliko mbio yoyote ya mwaka huu, na ndo nimefukuzwa raundi ya 7.

Kinachoniuma ni kwamba upepo mi naujua. Shinyanga tambarare, nimesomba madumu ya maji na Phoenix ya baba, nikawa daladala wa baiskeli na abiria mtu mzima nyuma, upepo unapiga kifuani, gia moja. Lakini nilikuwa peke yangu. Hawa watoto wa huku wanafundishwa kukaa kwenye kipepeo wakiwa na miaka 12.

Tar 12
Siku ya kupumzisha miguu, ila mwenzangu ninayekaa naye, Mueritrea, akanivuta mpaka Oudenaarde tukapande Oude Kwaremont na Paterberg. Kwaremont kilomita 2.2, sehemu kubwa mawe. Paterberg ni kama mita 400 tu, kuna mahali mwinuko unafika asilimia 20, tairi la nyuma linateleza ukisimama kwenye pedali. Nikampigia picha mdogo wangu nikamtumia, akajibu, "Kaka hicho ndo kilima? Si uje Sekenke." Ni kweli kwa urefu Sekenke inameza vilima vyao vyote, ila dogo hajapanda juu ya mawe hayo, meno yanagongana.

Mwenzangu jina lake si Biniam lakini barabarani ni Biniam. Mimi pia. Mtu mweusi yeyote akipita kwenye mbio za huku wazee wenye bia mkononi wanapiga kelele "Biniam! Biniam!" tangu Biniam Girmay, Mueritrea, alivyoshinda mbio ya Gent–Wevelgem Machi 2022, halafu 2024 akabeba hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani, ile ya pointi. Mwanzo ilinikera. Sa hivi nawapungia mkono, maana wakati mwingine nikiwa wa mwisho kabisa ndo wanapiga kelele zaidi, nachukua tu.

Tar 14
Nimeanguka. Kosa langu, sina wa kumlaumu. Mvua ilikuwa imenyunyiza kidogo, nilikuwa wa 25 hivi, raha imenijaa, nikaingia kona ya kulia na tairi la mbele likapita juu ya ule mstari mweupe wa rangi. Hakuna hata muda wa kusema mama. Nyonga, kiwiko, na bega la kulia, ngozi imebaki Ubelgiji. Nikakaa ukingoni natazama gurudumu la nyuma linazunguka lenyewe, tik tik tik, bibi mmoja akatoka kwenye nyumba yake na beseni la maji ya uvuguvugu na taulo safi kabisa jeupe, nikakataa kwa sababu ya damu, akanifuta mwenyewe kwa nguvu.

Usiku shuka linaganda kwenye kidonda, ukijigeuza linabanduka. Mama kapiga simu video, kaona bandeji, "Weka maji ya chumvi." Nikamwambia mama kuna dawa. "Weka maji ya chumvi." Haya.

Tar 15
Nimeshindana. Najua. Ila leo ni Kupalizwa Bikira Maria, huku ni siku ya mapumziko nchi nzima, watu kibao barabarani, na nikilaza kidonda kinakaza zaidi. Wa 38, na nilikuwa naogopa kila mstari mweupe.

Tar 18
Wa 33. Leo nimempata mwalimu bila yeye kujua. Kuna mzee mmoja, ana miaka 40 na kitu, anakuja na gari la kazi limejaa mabomba, fundi bomba huyo, miguu ina mishipa kama mizizi ya mkuyu. Kila nikimwona yuko kati ya wa 10 na wa 15. Kila raundi. Hapumui hata. Nikakaa kwenye tairi lake raundi nne nione anafanyaje. Kumbe kwenye barabara iliyonyooka hapandi mbele hata siku moja, wote sisi wajinga ndo tunapandia hapo tunakula upepo. Yeye anasubiri mita 100 kabla ya kona, kundi linapoanza kuogopa, anateleza kwa ule upande ambao upepo haupigi, anapata watu wawili watatu bure, anaingia kona ndani. Kona 9, watu wawili kila kona. Akipoteza nafasi kwenye nyoofu anazirudisha kwenye kona.

Jioni nimeandika kwenye karatasi nikabandika kwenye fremu: KABLA YA KONA.

Tar 21
BAHASHA!! Wa 19, noti moja ya euro 10. Nimeipiga picha. Mama mwenye nyumba tunayokaa akatutengenezea chipsi na mayonezi, nikamwambia kwetu chipsi zinakaangwa na mayai juu, akaniangalia kama nimetukana.

Tar 23, 25
Wa 26, wa 24. Nafasi nzuri, miguu mizito. Nakula wali asubuhi, nakula wali usiku, kilo zinashuka tu.

Tar 28 mpaka 30
Filimbi. Mwili umegoma, mapigo ya moyo hayapandi hata nikisukuma, hiyo ni dalili ya uchovu inajulikana. Nimelala masaa 11 mfululizo. Siku mbili zilizofuata nimezunguka saa moja moja tu kwenye njia ya mtoni, taratibu, bibi wa baiskeli ya umeme akanipita.

Tar 31
Ya mwisho. Asubuhi naamka naangalia bendera ya jirani, imenyooka. Upepo.

Raundi kilomita 9, kuna kona ya kushoto ambapo shamba la mahindi linaisha. Mahindi Agosti yameshakuwa marefu yanakinga, ukitoka tu pale unakutana na upepo wote. Raundi ya 5 nikaona fundi bomba anaanza kuteleza, bado mita 200, mapema kuliko kawaida yake. Nikamfuata bila kufikiri. Wa 20, wa 14, wa 9, tukaingia kona, mahindi yakaisha, mtu wa mbele akafyatuka na kipepeo kikafunguka. Nikapata nafasi. Nafasi ya mwisho kabisa, tairi la nyuma liko kwenye majani, lakini niko ndani. Nilipogeuka nyuma nikaona ule mstari wa watu ukingoni, vichwa chini, namba zinapepea, pengo linafunguka mita tano, kumi, hamsini. Hao walikuwa mimi wa tar 9.

Tulikuwa 13 baada ya wengine kutufikia na wengine kudondoka. Nilichukua zamu zangu zote za kukaa mbele kukata upepo, hamna zamu niliyokwepa, ndo maana mwishoni sikuwa na kitu cha kukimbilia mstari nikawa wa 12. Euro 22.

Kwenye kurudisha namba fundi bomba alikuwa mbele yangu, yeye wa 5. Akatazama karatasi kwenye fremu yangu, Kiswahili hajui, akauliza imeandikwa nini. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, akacheka mpaka akashika meza, akaniita tukakae na wenzake.

Hesabu ya mwezi: mbio 12, nimemaliza 8, filimbi 3, kuanguka 1, bahasha 2, jumla euro 32. Nimepima cheni sasa hivi, imevutika, haifai tena. Mpya ni euro 35.