Kisu kimerudi, banda zima hoi

Kirumba, Mwanza, jioni hii. Kibanda umiza, lile banda la kuonyeshea video, kimejaa mpaka mlangoni, picha ni Kung Fu Hustle ya 2004, ile ya Stephen Chow.

Steringi anarusha kisu.
Kinagonga, kinarudi, kinamzamia yeye mwenyewe begani.

Mayowe! Mzee mmoja kapiga ngumi ndoo yake ya dagaa, kifuniko kikaruka.

Kinachochekesha pale si kisu, ni uso. Kamera inatulia, jamaa anajitazama bega kama mtu aliyeletewa deni asilolijua. Ukikata picha mapema hapo, hakuna kicheko.

Ndiyo maana mtafsiri, yule anayeisimulia picha kwa Kiswahili hapo hapo bandani, anatakiwa anyamaze kisu kikiwa hewani. Huyu wa leo kasema "kinarudi hicho!" kabla hakijarudi. Safu za nyuma zikamzomea, na haki yao.

Halafu yule mama mwenye nyumba wa kwenye picha, rola kichwani, sigara mdomoni. Ni Yuen Qiu. Yeye, Yuen Wah anayeigiza mumewe, na Jackie Chan walifunzwa shule moja ya opera ya Kichina, Hong Kong. Sarakasi waliipata humo tangu utotoni, ndiyo maana hata akikimbia kwa ndara mwili umenyooka. Asiyejua kuanguka hachekeshi, anatia huruma tu.

Wa Igoma na Nyakato, kwenu wamecheka wapi zaidi? Kwenye kisu, au zile mbio miguu inazunguka kama gurudumu?