Bibi na mama wa baharini

Jumapili, usiku

Jumatano Bibi alifunguliwa bandeji. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba kwa miaka, na tangu aje Nairobi kutoka Pate kwa matibabu, runinga yetu hapa Pumwani alikuwa akiisikiliza tu, kama redio. Jana usiku ndiyo mara ya kwanza ameitazama. Na kitu cha kwanza alichokiona vizuri, mbele ya macho yake, ni jinamizi la baharini likichomoka majini, kumdaka dinosauri aliyekuwa ufukweni na kumburuta kilindini.

"Audhubillahi!" akanishika mkono. "Papa gani huyu?"

"Si papa, Bibi. Na si dinosauri pia," akasema mpwa wangu. Ana miaka 9, na kwake kumwita liopleurodoni, yule jinamizi, dinosauri ni sawa na kumwita popo ndege. Akamweleza kwamba hao ni reptilia wa majini, ukoo mwingine kabisa, ila waliishi zama zile zile. Bibi akatikisa kichwa kama mtu anayejulishwa kwa wageni harusini.

Makala yenyewe ni ya zamani, ile ya BBC ya mwaka 1999, Walking with Dinosaurs, sehemu inayohusu bahari. Jirani yetu, fundi wa pikipiki, alikuwa amekuja kurudisha spana akaishia kukaa. Msimulizi aliposema mnyama yule alikuwa na urefu wa mita 25 na uzito wa tani 150, fundi alijipiga paja. "Hayo ni mabasi mawili yamepangana!" Dada yangu alikuwa akikuna nazi mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Uongo mtupu. Nani alikuwepo akapiga picha?"

Bibi hakumjibu. Alinyamaza mpaka oftalmosauri walipoanza kuzaa.

Hao ni viumbe wenye umbo kama la pomboo na macho makubwa ajabu, jicho moja linazidi sentimita 20. Hawakutaga mayai. Walizaa watoto hai ndani ya maji, na katika makala mtoto anatoka ametanguliza mkia. Bibi amekuwa mkunga kwa zaidi ya miaka arobaini. Nusu ya wazee wa mtaa wake huko Pate walipokelewa na mikono yake. Alisogea mpaka ukingo wa kochi. "Katanguliza mkia," akanong'ona. Kisha kwa mpwa wangu, taratibu: "Mtoto wa binadamu akitanguliza makalio, mkunga hapati usingizi. Lakini pomboo ndivyo wazaavyo, mkia kwanza. Babu yako alishaona."

Akatokea mama mmoja aliyekwama. Mtoto hatoki, mama anachoka, na lile jinamizi linakuja kutoka gizani. Bibi aligeuza uso ukutani. Sikutarajia hilo. Ameona mengi huyu mwanamke, na mengine hajawahi kutusimulia. "Peke yake," akasema. "Hana hata wa kumshika mgongo."

Tulizima sauti kidogo. Ndipo akauliza swali ambalo limenikaa kichwani kutwa nzima: "Wamejuaje?"

Si swali la dada yangu, ingawa linafanana nalo. Dada alikuwa ameshafunga mlango. Bibi alitaka kweli kujua, kama ambavyo angemuuliza mkunga mwenzake aliyedai mtoto amegeuka tumboni: umejuaje, umeshika wapi?

Nikamweleza ninayoyajua. Huko Ujerumani, mahali paitwapo Holzmaden, wamechimbua ndugu za hao oftalmosauri waliogeuka mawe, na ndani ya mifupa ya mama mna mifupa midogo ya watoto. Wengine wameganda wakiwa kwenye njia ya kutokea. Nikamtafutia picha kwenye simu. Aliisogeza karibu na jicho lake jipya, akaifuata mbavu moja moja kwa kidole. Dada aliacha mbuzi ya nazi akaja kusimama nyuma ya kochi. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Picha ile haina rangi, haina muziki, haina ngurumo, na ndiyo iliyowanyamazisha wote.

Kwa hiyo nikaona nimalizie na lililobaki, hata kama lingeuma. Nikawaambia kwamba zile mita 25 si kweli. Zilikisiwa kwa kunyoosha vipande vichache vya mifupa, na siku hizi wataalamu wanaona liopleurodoni hakufika hata mita 10. Wengi wanataja 6 au 7.

"Tumedanganywa, basi," fundi akasema. Mpwa wangu macho yalimjaa maji. Amekariri zile 25 kama anavyokariri jedwali la kuzidisha.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Sauti ile ile nzito, yenye uhakika ule ule, ndiyo iliyotusimulia uzazi, ambao umeandikwa kwenye jiwe, na ndiyo iliyotusimulia mita 25, ambazo zilikuwa makisio. Mtazamaji wa Pumwani atazitofautishaje? Atameza vyote viwili, au atafanya kama dada yangu na kutema vyote viwili. Watengenezaji wangetumia dakika tano tu kutuonyesha mfupa mmoja na mtu aliyeupigia magoti, dada yangu angeacha nazi mapema zaidi.

Bibi ndiye aliyemtuliza mtoto. "Mita 6 ni haba? Papa wa pima mbili tu alimfanya babu yako akate wavu akarudi nyumbani."

Kisha akauliza kama huku kwetu wanyama hao hawakuwapo. Nikamwambia kuhusu Tendaguru, bara ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosauri wa karibu zama hizo hizo, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mmoja amesimamishwa Berlin, kichwa chake kipo juu zaidi ya mita 13. Lakini waliochimba na kubeba mizigo ile kwa vichwa, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini Lindi, walikuwa watu wa huko huko, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani.

"Bin Amrani," Bibi akarudia. Akaomba nilitaje jina tena. Akasema angependa kujua mke wake alibaki na nani miezi hiyo yote.

Leo asubuhi nimemkuta mpwa wangu sakafuni na penseli zake. Amemchora mama oftalmosauri, mtoto akitoka mkia kwanza, na ubavuni mwa mama, ndani ya maji, mwanamke mwenye leso ya kichwa ameweka mikono mgongoni pa huyo mama. Bibi alipouliza huyo ni nani, akajibu, "Si wewe?" Kwa mbali amelichora lile jinamizi. Chini yake ameandika mita 6. Palikuwa na 25 hapo, nayo ameifuta kwa raba mpaka karatasi imetoboka.