Dishi la Arua linatazama utosini

Jirani akiniita kwamba picha inaganda au dekoda inaandika E48-32, yaani haipati mawimbi, namuuliza kwanza dishi lake linatazama wapi. Wengi hunijibu "linatazama Kampala", maana wanaamini matangazo yanatoka huko. Hapana. Matangazo ya DStv yanashuka kutoka kwenye setilaiti iliyo juu ya ikweta, longitudo 36 mashariki, kilomita karibu 36,000 kwenda juu. Sisi wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tuko longitudo 31 hivi, kaskazini kidogo ya ikweta. Ukisimama uani kwetu Mvara, setilaiti hiyo iko digrii 83 kutoka upeo wa macho, upande wa kusini-mashariki. Kwa maneno mengine, iko karibu na utosi wako.

Jambo hili linabadilisha kazi yote, na linaniuma kuona watu wanalipia kifurushi kila mwezi halafu wanatazama vipande vya picha. Maelekezo mengi ya kufunga dishi yameandikwa kwa nchi zilizo mbali na ikweta, ambako dishi linatazama mbele. Huko ukilizungusha kushoto au kulia kidogo tu umepoteza kila kitu. Kwetu, nguzo ikizungushwa digrii 10, shabaha inahama kama digrii moja na kidogo. Kinachohama sana ni LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi: umeipinda kwa karibu digrii hizo hizo 10 bila kuigusa. Mawimbi yanakuja ya wima na ya mlalo, na LNB ikikaa upande, haya yanaingilia yale. Ndiyo maana unaona mtu amehangaika na dishi asubuhi nzima, nusu ya chaneli zinaonekana na nusu hazionekani.

Kwa hiyo LNB ndiyo naitilia mkazo. Kampala ipo karibu na ikweta kabisa, dishi la huko linaelekea mashariki moja kwa moja na LNB yake inapindwa ipasavyo. Arua ni habari nyingine: tofauti ya mpindo kati ya miji hii miwili inapita digrii 20. Fundi akitoka Kampala akaiacha LNB kama alivyozoea, utapata picha, ndiyo, lakini wingu la kwanza likipita imekwisha. Legeza kishikio chake, ipinde polepole, kidogo kidogo, huku mtu wa ndani anakusomea namba.

Namba ipi? Kwenye skrini kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Usiulizie ule wa nguvu. Unapanda hata dekoda inapopokea kelele tupu, yaani mawimbi yasiyo na matangazo. Nimeuona umejaa kwenye televisheni isiyo na picha hata moja. Kijana anayekaa ndani mwambie akutajie kwa sauti ubora tu: "umepanda, umepanda, umeshuka, rudi." Na kila unaposogeza, subiri kidogo, maana dekoda inachelewa kusema ilichokiona.

Kuinua na kulaza dishi ndiko kunakotaka mkono mtulivu. Dishi la sentimita 90 linaona anga kwa upana wa digrii 2 hivi. Ukingo wake mmoja ukishuka hata kiasi kisichofika sentimita moja, nusu ya nguvu imeshapotea. Ndiyo sababu nasisitiza nguzo ya chuma iliyosimamishwa kwa pima maji pande mbili, ikachimbiwa na zege. Nguzo ya mti huku kwetu West Nile ni chakula cha mchwa. Dishi lililopigiliwa kwenye ubao wa paa nalo halikai, kwa sababu ubao unapinda jua likiwaka na unarudi mvua ikinyesha. Dira ya simu usiisomee karibu na mabati, nenda katikati ya ua.

Faida ya kutazama juu ni kwamba ghorofa la jirani halikusumbui, na mawimbi yanapita kwenye mvua kwa njia fupi. Mvua kubwa bado itakata, kwa sababu matone yanayanyonya mawimbi ya masafa haya, ila dishi lililolengwa vizuri linarudi mapema. Tatizo letu ni mwembe. Tawi likiota juu ya dishi, majani mabichi yenye maji yanaziba kuliko ukuta wowote wa pembeni. Kata tawi. Futa na majani yaliyoangukia ndani.

Nyumbani tuna Azam pia, kwa ajili ya Simba na Yanga ambazo mama mkwe hakubali kuzikosa. Setilaiti ya Azam iko longitudo 7 mashariki, kwa hiyo dishi lile linatazama magharibi, digrii 62 hivi kutoka upeo wa macho. Hapo mti wa jirani wa upande wa magharibi unahusika.

Waya usiununue kwa bei tu. Umeme wa LNB unapita humo humo: volti 13 kwa chaneli za wima, 18 kwa za mlalo. Waya mrefu na dhaifu unazila hizo 18 zikashuka, na chaneli za mlalo zinapotea ingawa dishi halijasogea. Konekta ya nje izungushie mpira wa kuzuia maji, kwani dishi likilala hivi konekta mara nyingi inatazama mvua.

Kuna pia siku chache karibu na 20 Machi na 23 Septemba ambapo picha inakatika dakika kadhaa mchana mkavu. Jua limepita nyuma ya setilaiti na kuifunika kwa kelele zake. Kwa DStv hapa Arua ni karibu saa sita na nusu mchana, kwa Azam ni kuelekea saa tisa alasiri. Siku hizo usipande juu, usiguse boliti hata moja.

Siku nyingine zote, ukishapata ubora wa juu kabisa, kaza boliti kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, mtu wa ndani akiendelea kusoma. Ukikaza moja mpaka mwisho, inavuta dishi zima upande wake, na kazi inaanza upya.