Mahindi ya Julai, ugali wa Februari

Julai imeingia na upepo wake. Dodoma mwezi huu vumbi linapenya hadi kwenye kabati lililofungwa, asubuhi watu wanatembea na makoti, na maroli ya magunia kutoka Kibaigwa na Kiteto yanapishana barabarani. Mawazo ya leo lakini ni ya Februari.

Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, kwa wastani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na katikati yake hupita wiki za jua kali zinazoweza kuyakuta mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mavuno ni mara moja, basi na bei nafuu ni mara moja: Juni hadi Agosti. Kuanzia Desemba bei inapanda, na ikifika Februari mkulima yule yule aliyeuza Julai yuko sokoni ananunua. Watu wa mjini, hasa wa mshahara, wengi wananunua sembe ya kilo mbili mbili mwaka mzima, na ndani ya bei ile wanalipia ukoboaji, mfuko wenye picha, usafiri na faida ya watu watatu. Ukiuliza kwa nini wasiweke gunia, jibu ni kwamba mahindi yanaharibika ndani. Yanaharibika kweli. Ila sababu zake zinajulikana, na karibu zote zimeshatokea kabla gunia halijafungwa.

Hesabu kwanza. Familia ya watu watano, uji asubuhi na ugali jioni, inamaliza kama kilo moja na nusu ya unga kwa siku, sawa na kilo 45 kwa mwezi. Ukisaga dona, gunia la kilo 100 linakurudishia karibu kilo zote. Ukikoboa, unabaki na kilo 70 hadi 75 za sembe, nyingine ni pumba za kuku. Kwa hiyo miezi minne migumu, Desemba hadi Machi, inataka gunia mbili za dona au mbili na nusu za sembe. Mwenye uwezo mdogo aanzie hapo. Hakuna haja ya kukopa ili ujaze chumba. Na kwenye hesabu hiyo waingize ndugu wa kijijini watakaokuja Januari na watoto, maana watakuja, na hakuna atakayewaambia warudi.

Nunua kwa mizani. Gunia la kisheria halizidi kilo 100. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inamuumiza mkulima leo na inamvuruga mnunuzi kesho, kwa sababu hujui umeweka nini ndani. Debe nalo lina tumbo lake, na la soko hili si la soko lile.

Sasa unyevu, na hapa inafaa kukaa kidogo. Mahindi ya kuweka ndani yawe na unyevu wa asilimia 13 au chini. Jino linasaidia: punje kavu hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea. Lakini jino hudanganya, na kipimo kizuri zaidi cha nyumbani ni chumvi. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi laini iliyoanikwa juani hadi ikawa inamwagika kama mchanga. Funga, tikisa dakika moja au mbili, kisha acha itulie kwa dakika 10 hadi 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, uko chini ya 15, ambayo bado si 13. Hapo anika siku nyingine moja au mbili kabla ya kufunga. Watu wengi huishia kwenye chupa wakafurahi, halafu Oktoba wanalalamika kwamba mfuko wa kuhifadhia ni feki.

Anika juu ya turubai, unene usizidi sentimita tatu au nne, geuza kila baada ya saa moja, na saa kumi na moja jioni funika kabla baridi halijashuka. Kuanika chini kwenye udongo ni kuanza kazi upya: punje zinanyonya unyevu wa ardhini na kuokota kuvu. Baada ya kuanika acha mahindi yapoe kabla ya kufunga. Ukiyafunga ya moto, usiku ule mfuko unatoka jasho kwa ndani.

Kuvu si suala la harufu tu. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi ya nyumbani. Sumu hii haiondoki kwa kupika, haionekani kwa macho, na unga wake unaweza kunukia vizuri tu. Inaanza shambani pale mmea unapopata shida ya ukame, kisha inazidi ndani kama punje hazikukauka. Hujikusanya zaidi kwenye punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu, kwa hiyo kupembua kwa mkono ni kinga halisi, siyo usafi wa mapambo. Inakaa pia zaidi kwenye ganda na kiini kuliko sehemu nyeupe. Ndiyo maana tunaosifia dona tuwe wakali: dona ni chakula bora kwa mahindi yaliyochaguliwa, na kwa mahindi ya hovyo ni afadhali kukoboa. Punje zilizotupwa usiwape kuku; sumu inawadhuru nao.

Wadudu ni wawili wa kuwajua. Fukusi ana pua ndefu, anatoboa tundu la duara, na mara nyingi amefika tangu shambani kwa kuruka. Dumuzi ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, aligundulika Tanzania mkoani Tabora miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980. Ukifungua gunia ukakuta unga mwingi mweupe chini na punje zimebaki maganda, ni yeye. Ameshapimwa hapa nchini akila zaidi ya theluthi ya uzito wa mahindi ndani ya miezi michache. Mbao anatoboa, mihogo mikavu anamaliza, kwa hiyo stoo yenye masalia ya mwaka jana ni mwaliko. Fagia, choma masalia, ziba nyufa.

Mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, wengine wanaiita kinga njaa, ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya salfeti moja. Wadudu waliomo wanatumia hewa iliyobaki, ikiisha nao wanakoma. Dawa haihitajiki. Kinachohitajika ni ufungaji, na wengi wanakosea hapa. Puliza hewa kwenye kila mfuko wa plastiki, sokota mdomo, sikiliza kama unavuja. Ingiza mmoja ndani ya mwingine, jaza mahindi taratibu huku ukishindilia pembe zote, acha plastiki tupu ya kutosha juu kwa ajili ya kusokota. Kamua hewa kwa kulalia mahindi kwa mikono, sokota mdomo wa plastiki ya kwanza hadi ugumu, ukunje, funga kwa kamba ya mpira. Rudia kwa plastiki ya pili, kisha salfeti. Kufunga zote tatu kwa fundo moja ni uvivu, na uvivu huo una gharama. Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, usiegemeze kitu chenye ncha. Panya akitoboa, habari imekwisha.

Jambo moja halisemwi madukani: mfuko huu ni wa kuweka, siyo wa kuchotachota. Kila ukifungua unaingiza hewa. Anayechota sado mbili kila wiki kutoka gunia la kilo 100 amewarudishia wadudu uhai. Afadhali mifuko ya kilo 50 kwa matumizi, na ukishaufungua peleka debe zima mashineni, yanayobaki yafungwe hapo hapo.

Wanaotumia dawa ya unga, kipimo cha Actellic Super ni gramu 100 kwa gunia la kilo 100, ichanganywe kwa beleshi juu ya turubai hadi kila punje iguswe, mdomo na pua vimefunikwa. Nunua paketi iliyofungwa yenye tarehe. Dawa ya kupimiwa kwenye karatasi ni vumbi la Dodoma tu. Vile vidonge vinavyotoa gesi visiingie kabisa kwenye nyumba ya kulala. Gesi yake inapita chini ya mlango na inaua watu.

Unga ni habari nyingine. Dona ina mafuta ya kiini, kwa joto la hapa isikae zaidi ya mwezi mmoja. Sembe inavumilia miezi miwili au mitatu kwenye ndoo yenye mfuniko. Unga wa uwele ndio mwepesi kuchacha kuliko yote, unaanza uchungu ndani ya siku chache, kwa hiyo saga wa wiki moja tu. Punje za uwele na ulezi, kinyume chake, ni ndogo na ngumu kiasi kwamba wadudu wengi hawapati nafasi. Ulezi mkavu unakaa miaka. Kilo 20 za ulezi kwenye pipa dogo ndiyo akiba ya uji isiyoleta kelele. Wazee wa Kigogo walioweka nafaka kwenye vilindo vya magome ndani ya tembe hawakuchagua uwele na mtama kwa kukosa ladha ya mahindi. Na hata akiba ile ilikuwa na adui wake: njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, haikuletwa na ukame peke yake, bali majeshi ya Wajerumani na baadaye Waingereza yalikuwa yameshachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo.

Maharage, kunde na choroko zinaingia ndani zikiwa tayari na mayai ya wadudu. Ziweke kwenye PICS, au kwenye madumu makavu ya lita 20 yaliyojazwa hadi shingoni na kufungwa kwa nguvu, maana nafasi tupu ni hewa. Familia ile ile ya watu watano inatosha na kilo 8 hadi 10 za maharage kwa mwezi. Usiweke ya zaidi ya mwaka: yanakuwa magumu, hayaivi, yanakula mkaa. Karanga nunua zenye maganda. Karanga za kusagwa za sokoni ni mahali punje mbovu zinapojificha.

Mafuta ya alizeti ya mashine za hapa na Singida yakae wiki mbili yatulie, mimina ya juu, acha mashapo. Dumu lijae, likae gizani. Yaliyokaa nusu dumu dirishani yanachacha kabla ya Krismasi. Mboga ni kazi ya Machi na Aprili wakati majani ya kunde na mlenda yamejaa: osha, ya kunde chovya dakika mbili au tatu kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, kisha kausha kivulini penye upepo, kwa sababu jua la moja kwa moja linaua vitamini A. Kilo 10 za majani zinakupa kama kilo moja. Dagaa, chumvi, sukari, viberiti: vya mwezi mmoja zaidi ya kawaida, basi.

Dharura zenyewe mara nyingi si za kutangazwa redioni. Mshahara umechelewa, kuna mgonjwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, kuna msiba. Lakini na barabara hukatika: Machi 2020 daraja la Kiyegeya, Gairo, lilisombwa na maji, magari ya Dodoma na Morogoro yakakwama. Hapo ndipo utaona kwamba gunia la mahindi bila njia ya kusaga ni mzigo tu. Kwa hiyo kilo 10 za unga uliokwisha sagwa ziwepo daima, pamoja na mchele, mkaa wa debe mbili au mtungi wa gesi wa akiba. Maji nayo. Mji huu unategemea sana visima vya Makutupora na mgao unajulikana. Watu watano kwa lita 20 kila mmoja kwa siku tatu ni lita 300, yaani madumu 15 au simtanki ndogo. Maharage yalowekwe usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemke kwa moto mdogo uliofunikwa. Bila hivyo sufuria moja inakula mkaa wa siku mbili.

Andika tarehe kwa kalamu ya maka kwenye kila mfuko, wa zamani uwe mbele. Mfuko uliokwisha, geuza ndani nje, kung'uta, anika kivulini, kisha uchunguze plastiki ukiielekeza kwenye mwanga. Usiokuwa na tundu unatumika tena msimu mwingine, hata wa tatu. Wenye tundu dogo hauzibwi kwa gundi; ukate, utandike chini ya mahindi mwakani unapoanika.