Kuku wa Kukhu

Katikati ya miaka ya 1980, Kukhu, yaani nyanya yangu, aliamua kumpelekea baba mdogo kuku watano Nairobi, na hakutaka kusikia habari za basi. "Basi lina makanga," alisema. "Treni ina risiti."

Tulifika stesheni ya Luanda, magharibi mwa Kenya, asubuhi na mapema, mimi nikiwa nimejitwika tenga. Reli hiyo ni tawi la kilomita 69 kutoka Kisumu hadi Butere, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilhali reli kuu ilikuwa imefika ziwani tangu 1901. Kukhu aliyaona mataruma yakilazwa akiwa msichana, kwa hiyo aliizungumzia reli kama mali ya ukoo.

Stesheni masta, Mswahili wa Mombasa, ndiye aliyekata tikiti, ndiye aliyepima mizigo, na ndiye aliyeshika simu. Njia ilikuwa moja tu, basi treni haikuondoka mpaka apige simu stesheni ya mbele kuhakikisha hakuna nyingine inayokuja. Siku hiyo simu ilingoja. Kukhu alikuwa ameona tenga likiwekwa kwenye mizani pamoja na kuku.

"Mwanangu, mimi nasafirisha kuku. Tenga la nini?"

"Mama, nikiwatoa humu utawakimbiza mwenyewe mpaka Yala."

Watu waliokuwa wakingoja na magunia yao ya mahindi waliangua kicheko. Kukhu hakucheka. Alifungua fundo la leso polepole, akahesabu sarafu moja moja, akaidai risiti kabla mkono wa masta haujaifikia kalamu. Lebo ikafungwa kwenye tenga. Treni ilipotoka Butere, gadi alilipokea tenga na kuliingiza kwenye behewa lake. Kisumu lingehamishiwa treni ya usiku ya Nairobi. Kukhu alimwagiza gadi awape maji wakifika Kisumu, kwa sauti ile ile aliyotutumia sisi wajukuu, naye gadi akaitika, "Ndiyo, mama."

Baada ya muda barua ikaja: kuku wote wamefika salama, na tengani mlikuwa na yai.

Kukhu alinituma stesheni nikaseme kwamba yai hilo halikulipiwa, isije ikasemwa tumeiibia serikali. Stesheni masta alinisikiliza bila kutabasamu, akafungua daftari la mizigo, akapitisha kidole kwenye mistari, kisha akaniambia nimwarifu mama kwamba yai halifiki kilo.