Haidrojeni inaweza kuendesha gari, lakini je, inaweza kuiondoa petroli barabarani?

Kila baada ya miezi kadhaa video ya aina ileile huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: mtu anamimina maji kwenye tangi la gari, anawasha injini, na chini yake pameandikwa kwamba makampuni ya mafuta yameuficha uvumbuzi huo kwa miaka mingi. Hakuna kilichofichwa. Maji ni haidrojeni ambayo imekwisha kuungua, na anayetaka kuitoa tena humo analazimika kuirudishia nishati yote iliyotoka ilipoungua, pamoja na nyongeza itakayopotea njiani. Gari la haidrojeni lenyewe, hata hivyo, ni kitu cha kweli na wazo lake ni la zamani kuliko gari la petroli: mvumbuzi François Isaac de Rivaz aliunda chombo chenye injini ya haidrojeni mwaka 1807, karibu miaka 80 kabla ya Karl Benz kupata hataza ya gari lake la petroli. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama linatembea. Linalofaa kuulizwa ni kama linaweza kuchukua nafasi ya magari ya petroli na dizeli, na kwa upande wa magari madogo jibu langu ni hapana, ingawa kosa si la gari.

Toyota Mirai, lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2014, ni gari zuri. Toleo lake la pili hubeba kilo 5.6 za haidrojeni katika matangi yenye mgandamizo wa baa 700, yaani takribani mara 300 ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Gesi hiyo huingia katika seli za fueli, hukutana na oksijeni ya hewani, na hapo hupatikana umeme wa kuzungusha mota, huku kinachobaki kikiwa ni maji matupu. Kwenye dashibodi kuna kitufe kilichoandikwa H2O, ambacho dereva hukibonyeza ili kuyamwaga maji hayo kabla ya kuingia gerejini. Matangi yakijaa, kazi inayochukua kama dakika tano mambo yakienda sawa, gari husafiri hadi kilomita 650 hivi kwa vipimo rasmi vya Marekani.

Taabu huanzia pampuni. Gesi inayosukumwa upesi katika tangi hupata joto, hivyo hupoozwa kwanza hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, na madereva wa California wanaijua vizuri adha ya bomba lililoganda likang'ang'ania mdomo wa tangi, wakasimama kando ya gari wakingoja barafu iyeyuke ndipo waondoke. Magari machache yakijaza mfululizo, presha ya kituo hushuka, na anayefuata hulazimika kusubiri kompresa iirudishe.

Nimeitaja California kwa sababu hakuna anayeweza kusema kwamba huko haidrojeni ilinyimwa nafasi. Serikali ya jimbo ilitoa fedha za kujenga vituo, na Toyota iliwapa wanunuzi kadi ya kujazia yenye thamani ya hadi dola 15,000. Mwezi Juni 2019 mlipuko katika kituo cha kujazia malori yanayosambaza haidrojeni huko Santa Clara ulisababisha uhaba katika eneo zima la kaskazini mwa jimbo, na siku chache baadaye kituo kingine kikalipuka Sandvika, karibu na Oslo, Norway. Kilichowavunja moyo wateja zaidi ni bei. Mwaka 2023 kilo moja ilifika dola 36 katika baadhi ya vituo, maana yake kujaza matangi ya Mirai kuligharimu takribani dola 200. Mwaka 2024 Shell ilifunga vituo vyake vya magari madogo jimboni humo, baada ya kufanya hivyo Uingereza mwaka 2022. Gari lililouzwa kwa zaidi ya dola 50,000 likaanza kuonekana sokoni, likiwa na umri wa miaka michache tu, kwa chini ya dola 10,000, na bado wanunuzi walisitasita, kwa kuwa gari lisilo na mahali pa kujazia ni bure hata likitolewa zawadi.

Wapo wanaosema kwamba bei ingeshuka kama vituo vingekuwa vingi. Ingeshuka kiasi, lakini ipo hesabu isiyobadilishwa na wingi wa vituo. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwa kupitisha umeme katika maji kunahitaji uniti 50 hadi 55 za umeme, na kuigandamiza na kuipooza huongeza nyingine kadhaa, hivyo tuseme 60 kwa ujumla. Kilo hiyo italipeleka Mirai kilomita 100 na kidogo. Uniti hizohizo 60, zikiingizwa moja kwa moja kwenye gari la betri, hulipeleka kilomita 300 au zaidi. Anayechagua haidrojeni anajenga mitambo mitatu ya kufua umeme mahali ambapo mmoja ungetosha, na sioni nchi ambayo umeme wake umezidi kiasi hicho.

Hiyo ni haidrojeni safi. Dunia ilitumia karibu tani milioni 97 za haidrojeni mwaka 2023, na iliyotengenezwa kwa njia zisizochafua hewa haikufika asilimia 1; sehemu kubwa ya iliyobaki ilitokana na gesi asilia na makaa ya mawe, ambako kilo moja ya haidrojeni huacha nyuma angalau kilo 9 za kaboni dioksidi. Moshi haujaondoka, umehamishwa kutoka kwenye ekzosi hadi kiwandani.

Sisi wa Dar es Salaam tunao mfano mdogo wa ugumu huu. Gesi asilia inatoka kwetu wenyewe, Songosongo na Mtwara, bomba limeshafika mjini, na mitungi inayofungwa kwenye magari na bajaji hujazwa kwa baa 200 tu. Hata hivyo, foleni za bajaji kwenye vituo vya gesi zimekuwa kilio cha madereva kwa miaka, kwa sababu kituo cha kugandamiza gesi ni ghali na hujengwa polepole. Haidrojeni ingedai mgandamizo mara tatu na nusu ya huo, upoozaji mkali, na gesi ambayo hatuichimbi popote.

Wakati huohuo mshindani wake, gari la betri, hakusubiri. Norway, ambayo nayo ilijaribu haidrojeni, mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya betri. Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka huohuo. Na Japani, inakotoka sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa, ilijiwekea lengo la kuwa na magari 200,000 ya haidrojeni ifikapo mwaka 2025, lakini hayakufika hata 10,000. Kwa hiyo anayengoja Mirai lililotumika liwe la kawaida Kariakoo kama IST atangoja sana.

Siidharau haidrojeni. Mbolea ya viwandani hutengenezwa kwa amonia, amonia haitengenezwi bila haidrojeni, na kwa kazi hiyo betri haina msaada wowote. Ndiyo maana mkakati ambao Kenya iliuzindua mwaka 2023, ikitegemea zaidi umeme wa jotoardhi, upepo na jua, umetanguliza mbolea. Uchenjuaji wa chuma ni kazi nyingine ya aina hiyo.

Sehemu ambayo bado naiona kuwa na ubishi wa haki ni malori. Lori linalotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma lina zaidi ya kilomita 900 mbele yake, na betri ya kulimalizisha safari hiyo bila kusimama ingekula sehemu ya uzito wa mzigo unaomlipa mwenye lori. China imeingiza barabarani maelfu ya malori na mabasi ya haidrojeni, kwa ruzuku nzito ya serikali. Marekani, kampuni ya Nikola, iliyouza malori ya aina hiyo, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Februari 2025. Na dereva wa Tunduma, kwa vyovyote, hakai kwenye usukani kilomita zote hizo mfululizo: husimama kwenye mizani, hula Morogoro au Iringa, hulala njiani, na betri inaweza kuchajiwa katika saa hizohizo.